Ken na Mary hawakubeba maziwa

Ugonjwa huu ulinishika usiku mmoja stima zikiwa zimepotea mtaa mzima. Nilikuwa na data kidogo kwa simu, usingizi hakuna, na YouTube ikaamua kunionyesha tangazo la Kijapani la miaka ya 70. Mashamba yametulia, mti mmoja umesimama peke yake, gari aina ya Nissan Skyline, na vijana wawili, mvulana na msichana. Basi. Hakuna bei. Hakuna mtu anayekupigia kelele kuhusu mkopo na vigezo na masharti kuzingatiwa. Sikuelewa hata neno moja, lakini lilipoisha nililirudia. Kufika saa tisa usiku nilikuwa nimetazama matangazo kama arobaini hivi, simu imebaki na asilimia nne, na mimi niko kwa kitanda nikitabasamu gizani kama mtu aliyeitwa kazini.

Wale mnaonijua mnajua sina gari. Mimi ni mtu wa matatu, na mwisho wa mwezi ukiwa mzuri, boda. Kwa hivyo msidhani nimekuja kuwaringia. Nimekuja kwa sababu hayo matangazo yamenikosanisha na familia, na tangu mwezi wa nne nimekuwa nikitafuta namna ya kulisema jambo hili bila kuonekana mjinga. Nimeshindwa, kwa hivyo nalisema hivyo hivyo.

Kwanza hao vijana wawili. Wanaitwa Ken na Mary. Skyline iliyotoka mwaka wa 1972 ilitangazwa kwa msururu wa picha na filamu fupi za wapenzi hawa wakizunguka Japani na gari lao, na watu wakawapenda kupita kiasi. Walikuwa na wimbo wao. Walikuwa na fulana zao, watu wakazivaa. Mpaka leo Wajapani huliita gari lenyewe "Kenmeri", yaani Ken na Mary kwa matamshi yao. Ule mti nao bado upo, kule Biei kwenye kisiwa cha Hokkaido, na jina lake ni mti wa Ken na Mary. Watalii hufunga safari kwenda kuupiga picha. Mti, jameni! Hebu nionyesheni tangazo la gari la hapa kwetu ambalo miaka hamsini baadaye mtu atapanda basi kwenda kuangalia mti uliokuwa nyuma yake.

Na lile gari lilitembea sokoni. Ziliuzwa zaidi ya laki sita, na hakuna kizazi kingine cha Skyline kilichowahi kufikia hapo. Wale wapenzi wa magari wanaopenda kubishana watakwambia habari ya GT-R, toleo lenye nguvu, ambalo zilitengenezwa 197 tu kabla ya sheria za moshi kulifungia mlango. Hizo 197 ndizo leo zinauzwa kwa makumi ya mamilioni ya pesa zetu. Sawa. Mimi hizo hazinihusu, sitawahi hata kuegemea moja. Kilichonishika ni swali dogo: mbona tangazo la gari halisemi kitu chochote kuhusu gari?

Nikaanza kusoma, na nilichopata ni hiki. Japani ya miaka ya 60 ilikuwa imejaa watu ambao hakuna mtu katika ukoo wao aliyewahi kumiliki gari. Mwaka wa 1966 wenyewe wanauita mwaka wa kwanza wa "maikaa", yaani gari langu mimi, si la kampuni, si la serikali. Mwezi wa nne mwaka huo Nissan ilitoa Sunny. Jina hilo lilichaguliwa kutoka kwa mapendekezo ya wananchi, na yaliingia zaidi ya milioni nane. Miezi michache baadaye Toyota wakatoa Corolla. Sunny ilikuwa na injini ya cc 1000. Toyota walipojua hivyo, waliikuza injini yao hadi 1100, kisha tangazo lao likajisifu kwa hiyo mia ya ziada. Cc mia moja! Hiyo ni theluthi ya chupa ya soda. Lakini kwa mtu anayenunua gari lake la kwanza, na jirani yake naye ananunua la kwanza, theluthi ya soda ni kitu kikubwa sana.

Nissan walikaa na hicho kidonda miaka minne. Mwaka wa 1970 wakatoa Sunny mpya, safari hii cc 1200, na tangazo lililosema, kwa ufupi, kwamba gari la jirani linaonekana dogo.

Hapo ndipo nilicheka mpaka nikakohoa. Kwa sababu gari lililokuwa kwa ile picha nalijua. Liko nyuma ya nyumba ya shosho, Njoro. Limekalia mawe manne na kuku wanataga ndani yake.

Nje ya Japani, Sunny hiyo iliitwa Datsun 1200. Ya guka ni ya milango minne, rangi iliyokuwa krimu, na namba zile za zamani zisizo na herufi ya mwisho. Aliinunua mwaka wa 1976 kwa pesa za pareto, na haikuwa mpya, aliichukua kwa daktari wa mifugo aliyekuwa anahama. Mafundi wa rika lake bado huizungumzia injini yake, ile A12, kama vile watu huzungumzia mwalimu aliyewafunza vizuri. Ni cc 1171 kamili, hakuna kompyuta, hakuna sensa, ukifungua boneti unaona kila kitu na nafasi ya kuingiza mkono inabaki. Gari zima ni kama kilo 700. Guka alikuwa akisema likizama kwenye tope, wanaume wanne na mke mmoja mwenye hasira wanatosha kulitoa.

Na jirani, naapa, alikuwa na Corolla. Alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa heshima zake, na alikuwa na KE20 ya kijani. Yeye na guka walikuwa wazee wa kanisa moja, marafiki kabisa, waliazimana jeki na pampu. Lakini Jumapili ilikuwa vita baridi. Nani atafika kwanza, nani ataegesha karibu na mlango, nani ataulizwa na pasta ampeleke mgeni stendi. Baba anasema guka aliita ile Corolla "kiatu". Si mbele ya mwalimu, lakini. Guka hakujua Kijapani, na hilo tangazo hakuwahi kuliona maisha yake yote. Ila kuna mtu aliyekaa ofisini Tokyo mwaka wa 1970 akaandika mstari mmoja, na huo mstari ulikuwa moyo wa guka mtupu.

Ukimuuliza kwa nini Datsun, guka hakusema habari ya cc. Alisema "Safari". Watu wa rika letu wameijua Safari Rally iliporudi Naivasha mwaka wa 2021, na wengi, tuseme ukweli, waliijua kwa sababu ya mapochopocho na sherehe. Enzi za guka ilikuwa Pasaka. Unatoka kanisani, unasimama kando ya barabara na mkate na chai kwenye chupa, unangoja vumbi litokee mbali. Nissan walikuwa wakileta magari hapa tangu 1963. Wakapigwa, wakarudi, wakapigwa tena. Kisha 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda na Datsun 1600 SSS, mwaka uliofuata wakashinda tena na 240Z, na 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaondoka na ushindi baada ya kulingana pointi na Harry Källström, naye pia akiwa kwa Datsun. Baadaye Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Joginder Singh ndiye aliyemharibia guka furaha kwa kushinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, ingawa guka alimpenda Joginder kwa sababu ni mtu wa kwetu, wa Kericho. Alikuwa akisema: "Dereva alikuwa mzuri kushinda gari." Sijui kama hiyo ni haki kwa Lancer. Lancer zilichukua nafasi tatu za kwanza mwaka huo wa 1976.

Sasa angalia upande wa pili, ambao guka hakuuona. Kule Japani, tope letu lilikuwa linauza magari. Bluebird iliyoshinda ilitangazwa kwa jina la Safari. Mwaka wa 1969, kabla hata ya ushindi wa kwanza, walikuwa wameshatengeneza filamu kubwa kuhusu Safari, nyota wake Yujiro Ishihara, na wakaja kuipiga hapa hapa Kenya. Ile 240Z ya 1971 iko kwenye hifadhi ya Nissan kule Zama mpaka leo. Na ile Nissan Patrol tunayoiona na maafisa wa serikali, kuanzia 1980 Wajapani waliiuziwa kwa jina Nissan Safari. Yaani neno letu la Kiswahili limebandikwa nyuma ya gari huko Osaka, na mwenye gari labda anadhani ni jina la mnyama.

Hilo lilinifanya nikae kidogo. Siku zote nilifikiri sisi ni watu wa mwisho kwenye foleni, wale wanaopata gari likishachoka. Mjapani akiona gari lake limezeeka na ukaguzi wa kila miaka miwili unakuja na gharama zake, analiacha, linapanda meli, linashuka Mombasa kabla halijatimiza miaka minane kama sheria yetu inavyotaka, na sisi tunaliita jipya. Hatuletewi tangazo lake. Tunaletewa redio inayoongea Kijapani na stika kwa kioo ambayo hakuna mtu anajua inasema nini. Kumbe kuna wakati sisi hatukuwa tunatangaziwa. Sisi ndio tulikuwa tangazo.

Nitoke barabarani kidogo, nisije nikasahau. Tafuteni matangazo ya Isuzu Gemini ya miaka ya 80. Hapa kwetu Isuzu ni lori la mawe, ni matatu ya abiria thelathini na tatu, ni basi la shule. Sasa kaeni chini mwone Isuzu ndogo, saluni, zikicheza dansi katikati ya mji wa Paris. Mbili mbili, bega kwa bega, zinazunguka kama watu kwenye harusi, zinashuka ngazi za treni ya chini ya ardhi. Hakuna kompyuta hapo, ni madereva wa sinema wa Kifaransa walioendesha kweli. Nilimwonyesha makanga mmoja wa laini yetu, akatazama mpaka mwisho, akaniambia, "Hiyo breki ni ya kuazima." Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Turudi Njoro.

Guka alituacha mwaka juzi. Mwezi wa nne familia ikakutana kwa shosho kuongea mambo ya shamba, na kwenye orodha, baada ya ng'ombe na kabla ya tangi la maji, kulikuwa na "ile gari". Ankol alikuwa ameshaleta mnunuzi wa vyuma kuukuu. Huyo mtu alizunguka ile Datsun mara moja, akapiga teke tairi ambalo halipo tena, yaani alipiga teke jiwe, na akasema elfu ishirini na tano. Ankol akasema sawa. Binamu yangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza na orodha ya shule ilikuwa ndefu kama risala ya harusi.

Mimi nikasimama. Nataka mjue huwa sisimami mikutano ya familia. Nikatoa simu, nikawaonyesha tangazo la 1970, nikawaeleza habari ya Sunny na Corolla na theluthi ya soda, nikawaambia hili gari ni historia, watu wanazitafuta hizi, huko Nairobi kuna watu wanazipeleka Ngong Racecourse kwa mashindano ya Concours wakiwa wamevaa kofia. Nilisema "urithi" mara kama tatu. Nimeitwa jina la guka, kwa hivyo nilihisi nina haki fulani ya kulitetea. Nilipomaliza kukawa na ule ukimya wa watu wanaokuheshimu kwa sababu shosho anakusikiliza.

Shosho aliomba simu. Akatazama lile la Ken na Mary, maana lilijileta lenyewe baada ya lile lingine. Akalitazama lote, simu ameishika mbali kidogo na macho. Kisha akaniuliza, "Mzee wangu, huyu msichana ameketi wapi?"

Huwa ananiita mzee wangu kwa sababu ya jina. Nikamwambia ameketi mbele, karibu na kijana.

"Mimi sijawahi kuketi mbele."

Nikafikiri anatania. Hakuwa anatania. Akaeleza polepole, bila uchungu wowote, kama mtu anayekuelekeza njia. Asubuhi ilikuwa maziwa. Mtungi mmoja kwa buti, miwili kwa kiti cha nyuma, na wa nne kati ya magoti yake, kwa sababu ukiuacha peke yake unaanguka kwenye ile kona ya mtoni. Alishika huo mtungi miaka kumi na minne. Sketi zake zote zilikuwa na alama ya duara. Siku ya soko ilikuwa viazi. Siku ya msiba ilikuwa watu saba nyuma na sufuria. Tata yangu mdogo alizaliwa kwenye hicho kiti cha nyuma, kabla hawajafika Nakuru, guka akiendesha huku anaomba kwa sauti na hathubutu kugeuka.

"Na kiti cha mbele?" baba akauliza. Hata yeye hakuwa anajua, au alijua na hakuwahi kukiona.

"Kiti cha mbele kilikuwa cha mgeni," shosho akasema. "Hata kama hakuna mgeni, kilikuwa kinamngoja."

Sikuwa na jibu. Jioni hiyo nililala kwa ankol, nikayafungua tena yale matangazo, na sikuweza kuyaona jinsi nilivyoyaona mwanzo. Karibu yote niliyotazama, usukani ni wa mwanaume. Mwanamke yuko pembeni, au amesimama kando ya boneti upepo ukimpepea. Na hakuna mtu aliyebeba kitu! Angalieni vizuri. Hakuna godoro juu ya paa, hakuna mgonjwa, hakuna mbuzi, hakuna mtungi. Ken na Mary wamezunguka Japani nzima na hata kiroba cha viazi hawana. Hata yale ya Safari, ambayo yana tope, ni tope la shujaa, lile linalopigwa picha. Wale waliosukuma magari kutoka kwenye tope hilo, na walikuwa wengi, kila Pasaka, sijawaona kwenye tangazo lolote.

Siyasemi haya kuyatukana. Bado nayapenda. Nadhani mtu aliyeandika yale maneno alijua kabisa anachofanya: alikuwa anamuuzia mtu aliyechoka nafasi ya kutobeba kitu, angalau kwa sekunde sitini. Shida ni yetu sisi tunaokuja baadaye na kuyapenda haya magari kupitia picha. Tunachukua gari lililofanya kazi miaka thelathini na tunalirekebisha lifanane na tangazo, si lifanane na maisha yake.

Nilienda Concours mara moja, mwaka jana. Ni siku nzuri, sitadanganya. Peugeot 404, Mercedes za marehemu mawaziri, pikipiki zinazong'aa kama masufuria ya harusi, na majaji wanaochungulia mpaka chini ya gari kutafuta uchafu. Niliikuta Datsun moja ya rika la guka. Mwenyewe alinisihi kwa upole nisiguse mlango, nami nikasimama nikavuta hewa kupitia dirisha. Ilinuka polishi na mazulia mapya. Ya guka, ukifungua mlango wa nyuma hata leo, chini ya harufu ya kuku, kuna maziwa.

Nawajua baadhi yenu mtaniambia hiyo si kasoro ya mwenye gari, kwamba amelipia kila nati, na msafi si mkosaji. Ni kweli. Ila nimesikia sana neno "halisi" kwenye hawa watu wa magari ya zamani. Rangi halisi, taa halisi, mazulia halisi kama yalivyotoka kiwandani. Kwangu mimi kilicho halisi kwenye ile Datsun ni duara mbili kwenye kiti cha nyuma, mahali mitungi ilikaa mpaka plastiki ikakubali. Kiwanda hakikuziweka. Fundi wa viti aliyekuja kuiangalia alisema ataziondoa bila malipo ya ziada, na nikamwambia akizigusa hatutaelewana.

Ndiyo, fundi amekuja. Gari halikuuzwa. Lakini msidhani hotuba yangu ndiyo iliyoliokoa. Ankol si adui wa mtu, alikuwa na mtoto wa kupeleka shule, na historia hainunui magodoro ya bweni. Tulikubaliana hivi: elfu ishirini na tano ambazo yule mtu wa vyuma angetoa, nizitoe mimi, kidogo kidogo, ziende kwa binamu. Nimeshalipa elfu kumi na mbili. Mwezi wa saba sikulipa kitu, na ankol hakuniuliza, jambo ambalo ni baya kuliko kuulizwa.

Kuku wamehamishwa, si bila vita. Mawe yameondolewa na tumepata magurudumu manne, mawili kati yake yanafanana. Kabureta imefunguliwa na kuoshwa na petroli kwenye beseni ambalo shosho hatalitumia tena kwa kitu kingine. Fundi ni mzee wa Nakuru, anakuja Jumamosi, halipishi mpaka aone moshi. Jumamosi iliyopita injini ilikohoa mara mbili ikanyamaza, na yeye akatikisa kichwa akiwa na furaha kabisa, akasema imemsalimia.

Shosho alikuwa ametoka na kiti chake akatazama kutoka mlangoni. Kwanza alikuwa amesema anataka hapo mahali papandwe sukuma. Sasa amebadilisha masharti. Ikiamka, yeye ndiye wa kwanza kuketi mbele, na safari ya kwanza ni kwa mwalimu mkuu, ambaye bado yuko hai, ana miaka tisini na ushee, na Corolla yake iliuzwa zamani. Nikamuuliza tunaenda kumwambia nini. Akasema hatumwambii kitu, tunapita tu mbele ya lango lake, polepole.

Kinachotukwamisha sasa hivi ni raba ya kioo cha mbele. Nimeulizia Grogan mara mbili, mara zote wananipa ya 120Y, na ya 120Y haikai, iko na kona tofauti. Nataka ya Datsun 1200, B110, milango minne. Kama una mjomba mwenye moja kwenye stoo, hata kama imepasuka kidogo upande, niandikie kabla ya Jumamosi.